Tiba ya sonona kwa intaneti: Rahisi inapogeuka ghali

SONONA ni ugonjwa unaopunguza nguvukazi kimyakimya. Mgonjwa hukosa usingizi, hukata tamaa na kushindwa hata kazi ndogo, iwe ya ofisini au ya shambani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo ya akili hawapati matibabu yoyote.

Ndiyo maana programu za intaneti, ambazo mgonjwa hujifunza mwenyewe kubadili fikra na mwenendo wake, zimepokewa kwa matumaini. Ikishatengenezwa, gharama ya kumwongeza mtumiaji mmoja ni ndogo mno.

Uingereza ilianza mapema. Mwaka 2006 taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya umma nchini humo, ilipendekeza programu ya kulipia iitwayo Beating the Blues kwa wenye sonona isiyo kali. Australia nayo ilikuwa na MoodGYM, iliyotolewa bure.

Hata hivyo, matokeo ya jaribio kubwa yaliyotangazwa mwaka 2015 yalishtua. Wagonjwa 691 wa zahanati za Uingereza waligawanywa katika makundi matatu. Baada ya miezi minne, walioendelea kuwa na sonona walikuwa asilimia 50 kwa Beating the Blues, asilimia 49 kwa MoodGYM na asilimia 44 kwa waliohudumiwa na daktari wao kama kawaida. Kitakwimu, makundi hayo hayakutofautiana.

Sababu iko wazi. Mgonjwa wa kawaida alimaliza masomo mawili tu kati ya manane ya Beating the Blues, na moja kati ya sita ya MoodGYM. Sonona yenyewe huondoa ari ya kuanza jambo na kulimaliza.

Jaribio lililofuata liliongeza kitu kimoja: mtu wa kumpigia mgonjwa simu na kumhimiza. Waliopata msaada huo walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi minne. Uchambuzi wa majaribio 39, uliochapishwa mwaka 2021, nao ulionyesha kuwa programu yenye msimamizi hufanya vizuri zaidi, ingawa kwa dalili nyepesi tofauti ni ndogo.

Mkulima analijua somo hili. Mbegu bora iliyogawiwa bila bwana shamba kupita mara nyingi huishia ghalani au hupandwa vibaya.

Kwa hiyo serikali zinazopanga bajeti zisihesabu gharama kwa kila anayejiandikisha, bali kwa kila anayepona. Kwa hesabu hiyo, mshahara wa mpiga simu si mzigo. Ndio unaoipa programu thamani yake. Na mwenye sonona kali, hasa anayewaza kujiua, asiachiwe kompyuta, apelekwe hospitali.