Mnalipia Weupe, Joto Mnabaki Nalo!

Wadau, leo sitaji jina la mtu, ila mhusika akipita hapa atajijua tu.

Kuna dizaina mmoja hapa Dar, ukurasa wake umejaa sebule nyeupe pee: sofa moja, chungu kimoja, ukuta mtupu. Mastaa wanampangia foleni na bei yake si ya mchezo. Mimi nauliza tu, ile staili ni yake?

Mwenyewe anajulikana, ni Axel Vervoordt, mzee wa Ubelgiji. Anapenda wabi-sabi, fikra ya Kijapani inayoona uzuri kwenye vitu vikuukuu na visivyo kamili. Alishiriki kutengeneza nyumba ya Kim Kardashian na Kanye West kule Hidden Hills, California, ambayo jarida la Architectural Digest liliionyesha 2020. Watu wakaona picha, wakadhani siri ni rangi nyeupe. Jamani! Sebule ikionekana tupu ujue vitu vimefichwa mahali, na hayo makabati ya kufichia ndiyo yanayokula hela.

Huyu wetu sasa. Jipsamu dari nzima, vioo vikubwa upande wa jua la jioni, pazia hataki eti linaharibu muonekano. Siku ya kwanza mteja anapiga picha. Siku ya pili AC inawaka toka asubuhi, yuniti za LUKU zinayeyuka kama barafu.

Kinachoniuma zaidi, ukuta mweupe wa chokaa ni wa kwetu pwani tangu enzi. Nenda Lamu, nenda Mji Mkongwe Zanzibar. Kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, zidaka za kuwekea vitu, ua wa kuingiza hewa. Mafundi wale walipambana na joto kwanza, urembo ukafuata. Leo tunavuka bahari kwenda kuiga picha, urithi tumeuacha mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayechukua mkopo ili sebule ifanane na ya California, kabla hujatoa hata mia muulize dizaina wako: jua linaingia upande gani? Upepo unapita wapi? Ndoo, pasi na mabegi ya watoto vinakaa wapi? Akianza kukuonyesha picha kwenye simu badala ya kujibu, rudisha hela mfukoni.

Mnaobisha, komenti ziko wazi. Ila mje na risiti za LUKU!