Kuachwa na Pantoni Si Kufa

Vuta kigoda usogee, leo tunaongelea gatini Kamanga.

Duniani kuna watu wa kila aina, lakini pale gatini wako wa aina mbili tu: waliowahi pantoni na walioachwa. Aliyewahi, hata kama jana aliachwa, leo anasimama kifua mbele utadhani yeye ndiye nahodha. Aliyeachwa, hata awe bosi wa suti na mkoba, anabaki ukingoni anayakodolea macho maji kama vile yana deni lake.

Vituko sasa! Honi ikilia tu, mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani anatoka mbio, mtoto mgongoni, kandambili moja imebaki nyuma. Jamaa mwingine kabeba kuku wa kupeleka ukweni. Kamba inakatika, kuku anabaki mjini, mkwe anavuka mikono mitupu! Pembeni yuko bwana mkubwa na simu sikioni: "Nimeshavuka zamani bosi, niko njiani nakuja." Hapo hapo honi inapiga mpaka bosi anaisikia huko aliko.

Jamani, pantoni imebeba visingizio vingi kuliko mizigo. Baba akilala nje, "pantoni iliniacha." Fundi cherehani akichelewesha gauni la harusi, "uzi ulikuwa ng'ambo." Wenzetu wa Kigongo na Busisi wameshapata pigo. Tangu Juni 19, 2025 lilipofunguliwa daraja lao la kilomita 3, huko anayechelewa inabidi atunge uongo mpya.

Tucheke, lakini kwenye kicheko hicho hicho ndipo penye neno. Pantoni ikianza kung'oa na mtu kabakiza hatua tatu, walio juu wanapiga kelele: "Ruka! Ruka wewe!" Naye kwa kuogopa kuchekwa anaruka kweli, chini maji yanachemka. Mwingine anaona imejaa pomoni, lakini anajisokomeza ili asibaki kuchekwa. Haraka yenyewe ingeweza kungoja. Kinachomsukuma ni vicheko vyetu.

Na sisi wa ziwa hili hatuhitaji kuhadithiwa. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikija Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia gati la Ukara. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Yaani marehemu peke yao walikuwa mara mbili ya wote waliotakiwa kupanda! Kama yupo aliyechelewa siku ile, pengine alichekwa. Kufika jioni, nani alikuwa na hamu ya kucheka?

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, ukiachwa usihangaike. Nunua karanga zako za kuchemsha, kaa chini, ngoja nyingine. Aibu ya kuachwa inaisha pantoni inayofuata ikipiga honi. Nanyi mlio juu, cheko lenu liwe na huruma. Badala ya "Ruka!" mwambieni mwenzenu, "Tutakutana ng'ambo."

Kuku wa ukweni atanunuliwa mwingine. Mkwe je?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.