Huruma Si Hukumu

Mwaka 1913 H. G. Wells alitoa Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea. Mchezo huo umekua sana Uingereza, hasa Nottingham, ambako kando ya kampuni kubwa wako mafundi wadogo. Fundi huyeyusha bati, hulimimina katika kalibu ya mpira izungukayo kwa kasi, akapata sanamu ya milimita 28 tu kwa kimo.

Wapo wahakiki wasemao kuwa fundi huyu ahurumiwe. Hupokea sanamu bure, huipaka rangi, huitia vivuli na mng'aro, kisha huisifu. Lakini wanachosifu ni nini? Ni brashi yao. Mshono wa kalibu uliokata shavu umekwisha kwanguliwa kwa kisu; tundu la kiwiko limezibwa; uso usio na macho umechorewa macho. Mnunuzi apokeapo bati tupu hujiona amedanganywa, wala harudi tena. Aliyeumia ni fundi yule yule aliyehurumiwa.

Brashi ni shahidi mwema, maana huonyesha kama mikunjo ya nguo imechongwa kwa kina. Lakini shahidi hatangulii mashtaka. Sanamu na ihukumiwe kwanza ikiwa tupu, kasoro zake zitajwe, kazi ya kisu isemwe, ndipo rangi ifuate. Rangi ni vazi, na jeraha haliponi kwa kuvikwa hariri. Fundi aliyeambiwa kweli aweza kuchonga upya; aliyesifiwa uongo hufunga karakana asijue kosa lake.