Programu za kulipia kwa mwezi: unapanga nini hasa?

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa Afrika Mashariki wanauziwa programu za hesabu, ankara na ufuatiliaji wa malori ambazo hazikai katika kompyuta ya ofisi. Unaingia kwenye intaneti, unaandika neno la siri, unalipa kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Wauzaji huzinadi kana kwamba kukodisha programu ni jambo jipya. Si jipya. Kilichobadilika ni kile unachokodishiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Marekani zilizuka kampuni zilizochukua programu za watengenezaji wengine, kwa mfano SAP na PeopleSoft, zikaziweka kwenye seva zao na kuwakodishia wateja. Tatizo ni kwamba programu hizo zilibuniwa zitumiwe ndani ya kampuni moja. Kila mteja alihitaji nakala yake na mipangilio yake, mara nyingi hata seva yake. Wateja 50, nakala 50 za kurekebisha. Wateja waliongezeka na gharama nazo zikapanda vilevile. USinternetworking ya Maryland, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za aina hiyo, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai Januari 2002.

Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, ilishika njia nyingine. Iliandika programu yake yenyewe kwa ajili ya intaneti, moja kwa wateja wote, kila mmoja akiona taarifa zake tu. Ni kama kuacha kumjengea kila mpangaji nyumba yake na kujenga ghorofa moja. Paa likizibwa, wote wamezibiwa. Ndiyo maana leo hata duka la vipuri lenye wafanyakazi 3 linaweza kulipia watu 3 tu.

Lakini katika mtindo wa zamani mteja alikuwa na nakala yake, na aliweza kukubaliana na mwenye seva abaki na toleo alilolizoea. Ghorofani mabadiliko hayachagui mpangaji. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa na kumbukumbu zako zikiwa ndani.

Halafu kuna njia yenyewe ya kufikia huko. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na huduma hizi hazikuwa na maana kwa wengi wetu. Nyaya nazo hukatika: Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Dereva anayefika Tunduma siku kama hiyo, ankara ikiwa kwenye seva ya ng'ambo tu, hana cha kumwonyesha ofisa wa forodha.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize muuzaji: naweza kuchukua kumbukumbu zangu zote kwa faili linalofunguka kwenye Excel? Nikiacha kulipa, zinahifadhiwa siku ngapi? Na bei ni ya shilingi au ya dola? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.