Tusimuulize Mtoto Amekuwa wa Ngapi



Wakati wa likizo tuliwasaidia makatekista kuwaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza katika kigango kimoja. Msichana mmoja wa darasa la nne alitufurahisha sana. Akipewa kitabu, alisoma bila kusita. Siku moja tukamfungulia ukurasa mwingine, naye akaendelea kutamka maneno ya ukurasa wa jana. Kumbe alikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Mama yake alipoambiwa alishangaa, kwa sababu ripoti ya shule ilionyesha mtoto amepanda kutoka nafasi ya 40 hadi ya 32.

Tangu siku hiyo tumejiuliza: lengo la somo ni nini? Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kwamba huwezi kukielewa kitu bila kujua kipo kwa ajili gani. Kisu kipo ili kikate. Somo la Kusoma lipo ili mtoto asome. Nafasi darasani haituambii kama lengo hilo limefikiwa. Inatuambia tu nani yuko mbele ya nani. Mtoto anaweza kuwapita wenzake wanane na bado asijue kusoma.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unazungumza lugha ya umahiri: katika kila somo unaeleza mtoto anapaswa aweze kufanya nini. Darasa la kwanza na la pili, uzito uko kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kuanzia darasa la tatu yanakuja masomo kama Sayansi, Hisabati, na Historia ya Tanzania na Maadili. Hapo ndipo asiyejua kusoma anapozama katika yote kwa mpigo, kwa maana swali la Sayansi lazima lisomwe, na la mafumbo katika Hisabati vilevile. Tena, kwa kuwa elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, muda wa kumwinua aliyeachwa nyuma nao unapungua.

Hatuwalaumu walimu. Tunajua mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto wengi kuliko madawati. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule inawasaidia, haichukui nafasi yao.

Mzazi atasema, "Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, nitapima nini?" Mengi. Mpe mtoto simu akusomee ujumbe ulioingia. Mtume dukani na umwambie akuhesabie chenji. Mwulize kwa nini tunachemsha maji ya kunywa. Mwambie aandike barua fupi kwa bibi yake. Kwa mambo hayo manne umegusa Kusoma, Hisabati, Sayansi na Kuandika, na utajua jambo ambalo nafasi ya 32 haikukuambia. Kisha nenda kwenye kikao cha wazazi ukamwulize mwalimu: "Mtoto wangu anaweza nini, na hajaweza nini bado?"

Sisi wa Kanisa nasi tujitazame. Tulimsikia msichana yule akijibu maswali ya katekisimu neno kwa neno, tukampigia makofi. Kukariri sala ni jambo jema, lakini tuliridhika mapema mno, kama ripoti ile ya shule. Kwa nini katika jumuiya zetu ndogo ndogo somo la Injili lisomwe na watu wazima tu? Tuwape watoto nafasi wasome kwa zamu, taratibu, bila kuchekwa. Atakayekwama tutamgundua akiwa bado mdogo, na kijana mmoja wa jumuiya anaweza kukaa naye nusu saa kila Jumamosi.

Msichana yule tulianza naye kwa herufi za jina lake. Likizo ilipoisha alikuwa anasoma maneno mafupi, na tulimwacha mikononi mwa katekista na mama yake. Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle, msimamizi wa walimu, awaombee wote wanaomshika mtoto mkono mpaka asome mwenyewe.