Mjamzito na Dawa Ambazo Hazikupimwa kwa Ajili Yake

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa mara nyingi hubeba maneno yaleyale: usalama wa dawa hii kwa wajawazito haujathibitishwa. Wengi huyasoma kama onyo. Ukweli ni kwamba yanakiri jambo moja tu, kuwa hakuna aliyechunguza. Dawa mpya hupimwa kwa maelfu ya watu, na wajawazito huondolewa kwa makusudi. Kisha dawa hiyohiyo hufika kliniki ikamezwa na mjamzito mwenye malaria, kifafa, shinikizo la damu au VVU, maana ugonjwa hausubiri ajifungue. Desturi hii ilianzishwa kwa nia njema ya kumlinda mama na mtoto. Kwa maoni yangu, imewaingiza wote wawili kwenye jaribio lisilo na daftari.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1957 kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi iliingiza sokoni thalidomaidi, dawa ya usingizi ambayo baadaye wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni nchini humo mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya janga hilo kwa sababu Dk. Frances Kelsey, wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alikataa kuidhinisha mauzo yake hadi aletewe ushahidi wa kutosha. Tulipaswa kujifunza kwake. Badala yake, mwaka 1977 mamlaka hiyohiyo ilishauri kwamba wanawake wanaoweza kupata mimba wasiingizwe katika hatua za awali za majaribio ya dawa, na ushauri huo haukuondolewa hadi 1993. Thalidomaidi iliwadhuru watoto kwa sababu iliuzwa bila kupimwa kwa ajili ya mama zao. Kelsey alidai ushahidi. Kanuni iliyokuja baadaye ilizuia ushahidi usikusanywe.

Gharama ya kanuni hiyo imelipwa sana huku kwetu, kwenye malaria. Vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma, vikampunguzia mama damu na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Kwa miaka mingi mwenye mimba changa alipewa kwinini: siku saba, mara tatu kwa siku, kinywa kichungu na masikio yanayovuma, na wengi waliacha njiani. Dawa mseto ambayo kila mtu mwingine aliipata kwa siku tatu alinyimwa, kwa sababu dawa za jamii ya artemisinini zilikuwa zimeua vijusi vya wanyama maabara. Hofu hiyo ilikuwa halali. Lakini kwinini nayo haikuwa imethibitishwa kwa kipimo hicho. Ilikuwa tu ya zamani. Takwimu za wanawake waliomeza dawa mseto kabla ya kujua kwamba ni wajawazito zilipounganishwa kutoka tafiti mbalimbali, ilionekana kuwa matokeo mabaya ya mimba yalikuwa machache kwa waliotumia artemetha-lumefantrini kuliko kwa waliotumia kwinini. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiruhusu katika miezi mitatu ya mwanzo mnamo Novemba 2022, zaidi ya miaka 20 tangu dawa mseto zianze kutumika Afrika.

Kisa kinachonishawishi zaidi kinatoka Botswana. Mwaka 2014 watafiti walianza kufuatilia vizazi katika hospitali kubwa za nchi hiyo. Mkunga alimkagua kila mtoto kama kawaida ya wodi, na msaidizi wa utafiti akanakili daftarini kutoka kadi ya mama dawa za VVU alizotumia na tarehe alizozianza. Mei 2018 daftari hilo lilitoa habari ya kutisha: kati ya wanawake 426 waliokuwa wakitumia dolutegraviri waliposhika mimba, watoto wanne walikuwa na kasoro za aina ya mgongo wazi, karibu asilimia moja, ilhali kwa dawa nyingine kiwango kilikuwa kama asilimia 0.1. WHO ilitoa tahadhari. Nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, ziliwawekea wanawake wa umri wa kuzaa vizuizi vya kupata dawa hiyo, ambayo hufubaza virusi haraka na ina maudhi machache kuliko efavirenzi waliyoachiwa. Julai mwaka huohuo wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali na kudai waelezwe hatari na faida, kisha waachwe wachague wenyewe. Hesabu iliendelea. Mwaka 2019 kiwango kilishuka hadi asilimia 0.3, na WHO ikapendekeza dawa hiyo kwa wote. Kufikia 2022 tofauti na dawa nyingine ilikuwa imetoweka. Daftari lililopiga kengele ndilo lililoizima. Lisingekuwapo, tungebaki na uvumi wa kudumu, au na madhara ambayo hakuna mtu angeyaona.

Mtu makini atapinga akisema kijusi hakiwezi kuridhia, hivyo si haki kukihatarisha kwa ajili ya elimu. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana hakuna anayependekeza kuanza na wajawazito: kwanza wanyama, kisha watu wengine, kisha wao, na kwa magonjwa yenye hatari ya kweli. Lakini kuacha nako kuna wafu wake. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018, wajawazito walinyimwa chanjo mwanzoni kwa sababu ina virusi hai, ilhali Ebola yenyewe karibu kila mara huua mtoto aliye tumboni. Waliruhusiwa mwaka uliofuata. Tena viungo vya mtoto huumbika katika majuma ya mwanzo, kabla wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba, kwa hiyo hata marufuku kamili hukikuta kijusi tayari kimekutana na dawa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu. Miili ya wanawake wa Afrika imewahi kutumiwa kwa namna isiyokubalika kwingineko. Mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba dawa ya AZT hupunguza sana maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo majaribio yaliyofuata, likiwamo moja lililofanyika Afrika Kusini, Uganda na Tanzania, yaliwapa baadhi ya wajawazito vidonge visivyo na dawa. Hasira iliyozuka ilikuwa ya haki. Ila dawa ya nevirapini, iliyowaokoa watoto wengi miaka iliyofuata, nayo ilithibitishwa kwa wajawazito wa Kampala mwaka 1999. Kwa hiyo kamati zetu za maadili ndizo zinazopaswa kuwa na nguvu ya kukataa jaribio bovu na kudai lililo zuri.

Wapo watakaosema kwamba manesi wetu tayari wamelemewa, hawawezi kuandika daftari kama la Botswana. Ni kweli, na hakuna haja ya kuanza na kila zahanati. Hospitali chache kubwa zinatosha kwa mwanzo. Kadi ya kliniki tayari inaandikwa damu, presha na vidonge vya SP vya kukinga malaria. Iongezwe swali moja: tangu hedhi ya mwisho umetumia dawa gani, hata za duka la dawa na mitishamba? Tunajua kwamba valproeti, dawa ya kifafa, husababisha kasoro kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi kwa sababu madaftari ya namna hii yaliwekwa Ulaya na kwingineko. Mgonjwa wa kifafa anayejua hilo mapema anaweza kubadilishiwa dawa na daktari kabla ya kushika mimba, badala ya kuziacha ghafla kwa hofu na kupatwa na degedege.

Sindano ya lenakapaviri ya kuzuia VVU ilipojaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, waliopata mimba waliruhusiwa kuendelea baada ya kuelezwa upya na kuridhia, na mamia ya mimba zikafuatiliwa. Kwa hiyo inawezekana, na imewezekana jirani. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na bodi ya famasia ya Kenya zinaweza kumuuliza kila mtengenezaji anayeomba usajili wa dawa itakayotumiwa na wanawake wa umri wa kuzaa: mpango wako wa kuwafuatilia wajawazito uko wapi, na utaanza lini?