Chupa za Ziwani na Viti vya Shule

Mvua ikinyesha Bukavu, chupa za plastiki hushuka milimani hadi ziwa Kivu, huingia mto Ruzizi na kuziba mashine za umeme. Kisha tunalalamika ya kwamba taa zimezimika!

Wako mafundi mjini humo wanaofanya viti vidogo na vikapu kwa plastiki hiyo. Je, mashule yetu yananunua kwao? Wakubwa wengine husema: « Vitu vya takataka ni aibu kwa shule ya misioni. » Aibu gani? Sufuria za mafundi wetu hutoka katika alumini kuukuu iliyoyeyushwa. Nani amekataa chakula chake?

Tunawatuma watoto kuokota chupa. Ni vema, lakini haitoshi: pasipo mnunuzi fundi hufunga kazi, na chupa hurudi ziwani. Papa Fransisko, katika barua Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha ya kwamba hata kutumia tena kitu chaweza kuwa tendo la upendo.

Basi, wakubwa wa mashule, kabla ya kuagiza kiti cha ng'ambo, pigeni hodi kwanza kwa fundi jirani.